Masika ya Jicho la Kushoto

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimetimiza wiki mbili nikiwa mke wa mtu, na bado nikiosha vyombo najikuta nikiitazama pete mpaka povu linaniishia mikononi. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya furaha tu. Nilitaka kuandika jinsi Ndolo anavyoingia mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi, jinsi anavyonukia mbao za muhugu hata baada ya kuoga, jinsi anavyoliita jina langu, "Amondi," polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Tulijuana dukani kwa Sakariye, kule Eastleigh, ninakouza vitambaa. Alikuja kununua kitambaa cha kufungia vinyago vyake, akarudi mara nne kununua kitambaa kilekile. Mara ya nne Sakariye akamwambia, "Bwana, hebu muulize huyu dada unachotaka kumuuliza, unamaliza jora langu."

Lakini ukurasa wa kwanza lazima niugawe, kwa sababu nilipoolewa niliolewa na watu wawili. Wa pili ni Kavinya, binti yake Ndolo, mwenye miaka sita na miezi mitatu. Mama yake mzazi alifariki kabla mtoto hajajua kutembea. Mimi ananiita Anti, na anapenda kulala na mguu wake mmoja juu ya mguu wangu.

Jicho lake la kushoto huingia ndani kuelekea puani, hasa akichoka. Hapa kwetu Kayole majirani wanasema ni makengeza, wengine wanasema ni urembo. Hata mimi niliona urembo, mpaka jana. Tulikuwa tunacheza, nikamziba jicho la kulia kwa kiganja na kumuuliza nimeinua vidole vingapi. Akasema kwa upole, "Anti, toa mkono. Mtu hawezi kuona akiwa hivi."

Nilimwambia Ndolo. Alikaa kitandani muda mrefu ameshika kiatu kimoja.

Jumanne, 11 Machi

Tumeenda kliniki ya macho. Ndolo alitusindikiza hadi langoni tu, akakimbilia karakana. Anaogopa hospitali tangu alipompoteza mama yake Kavinya, na mimi simlaumu.

Tulihudumiwa na mtaalamu mmoja anayeitwa Shiku, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kelele. Kila mtu humwita Madam Shiku. Ukutani kuna chati yenye mistari minane ya picha, kubwa juu, ndogo chini: nyumba, nyota, kikombe, mti. Kwa jicho la kulia Kavinya alisoma hadi mstari wa saba. Kwa jicho la kushoto aliona wa kwanza, akababaisha wa pili, basi. Nikaanza kutafuta kitambaa mkobani.

"Mama, usilie, bado hatujafika pa kulia," Madam Shiku akaniambia. "Jicho lenyewe ni zima. Ni jicho zembe. Fikiria darasa lenye wanafunzi wawili. Mmoja anajibu kila swali haraka, basi mwalimu anamwacha yule mwingine alale. Mwalimu ni ubongo. Sasa sisi tutamtoa nje yule hodari kwa saa mbili kila siku, ili mwalimu alazimike kumuuliza aliyelala."

"Na akikataa kuamka?"

"Mtoto wa umri huu huamka. Akishafika miaka saba au minane inakuwa vigumu sana, mwalimu ameshazoea. Tuna muda, lakini si muda wa kuchezea."

Kwa hiyo: miwani kila siku, na kila alasiri saa mbili za plasta juu ya jicho la kulia. Wakati huo mtoto afanye kazi ya karibu, yenye vitu vidogo. Kuchora, kupaka rangi, kutunga shanga. Turudi baada ya wiki sita.

Nimefika nyumbani nikamshukuru Mungu kwa neno hilo "huamka".

Ijumaa, 14 Machi

Sijui niandike vipi bila kuonekana mjinga. Mume wangu ametoka kazini na mfuko wa kaki. Ndani kuna shanga mia moja za muhugu, amezichonga mwenyewe wakati wa chakula cha mchana siku tatu mfululizo, kubwa, za kadiri na ndogo kama punje za mtama. Kila moja imelainishwa kwa msasa. "Daktari alisema shanga," akasema, kana kwamba kila mwanamume hufanya hivyo. Nilimbusu mbele ya mtoto. Mtoto akasema, "Eii!"

Jumatatu, 17 Machi

Miwani imekuja. Ina fremu nyekundu. Akiivaa, lile jicho linanyooka karibu kabisa, nikamwona Kavinya mwingine, mtu mzima mdogo. Plasta ya kwanza alilia dakika ishirini. Shanga tisa.

Jumanne, 18 Machi

Kilio dakika kumi. Shanga kumi na tano. Mvua bado, ila joto la kutosha kuivisha mayai.

Jumapili, 23 Machi

Mvua ya kwanza! Ilitukuta tunatoka kanisani. Ndolo alivua koti, akatufunika wote wawili, yeye akalowa mpaka soksi. Shanga thelathini na mbili, na hakuna kilio.

Jumatano, 26 Machi

Mama mkwe amefika kutoka kwao Wamunyu na gunia la ndengu. Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, ndivyo tunavyomwita, kama wanawe. Anasema mvua hii ya Machi kwao ni ya kudanganya, haipandiwi, kwa hiyo atakaa nasi mpaka iishe. Ni mwembamba, anatembea kimya, na hukutazama kama anayekagua mbao kabla ya kuzinunua.

Saa nane nilipombandika Kavinya plasta, Mwaitu akaacha kunywa chai.

"Amondi, hebu. Hilo ndilo jicho bovu?"

"Hapana, Mwaitu. Bovu ni la kushoto. Hili ndilo zima."

"Mnalifunga linaloona?"

Nilimweleza habari ya mwalimu na wanafunzi wawili. Alinisikiliza hadi mwisho, akamgeukia mwanawe, aliyetoka karakana kuja kumpokea, kwa Kikamba, kisha akanirudia kwa Kiswahili ili nisikose kitu: "Una ng'ombe wawili, mmoja ana nguvu na mmoja anachechemea. Unamfunga mwenye nguvu zizini, unaenda kulima na anayechechemea. Halafu unashangaa ukikosa mahindi."

Ndolo akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilitunza adabu, nikaongeza chai.

Alhamisi, 27 Machi

Shanga arobaini. Mwaitu anaguna kila shanga inapoingia.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Kavinya yuko nyumbani na bibi yake, anamwita Susu, na wanaelewana mpaka nina wivu. Sakariye, Mungu ambariki, tangu plasta ianze ameniruhusu kutoka dukani saa sita na nusu ili niwahi saa ya plasta. Siku za wateja wengi nachelewa, na hapo Mwaitu ndiye humbandika. Sina raha na hilo.

Lakini shanga! Shanga zote mia moja kwa saa moja, kubwa kwa ndogo kwa kupokezana, bila kosa. Nilitoka nazo kibarazani kumwonyesha jirani yangu, Mama Javan, zikiwa zimening'inia mkononi kama nishani.

"Wewe nawe," akasema. "Mabibi arusi wenzako saa hii wanahesabu miezi, wewe unahesabu shanga!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Acha nihesabu. Kila shanga naiona kama dirisha dogo linalofunguliwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua siku nne. Nguo hazikauki. Ndolo kaniletea mchongo wa ndege wawili wa mzeituni, shingo zimesokotana. Nimeuweka juu ya friji, nauona kutoka kila pembe ya nyumba.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mwaitu kasali muda mrefu kuliko kasisi. Shanga zote, dakika arobaini na tano.

Jumanne, 22 Aprili

Mstari wa pili.

Nimeandika hivyo tu nikaweka kalamu chini, nimeirudia baada ya saa nzima.

Tulienda kliniki tukiwa na furaha, Kavinya amevaa mkufu wenyewe shingoni kwa mizunguko mitatu. Nilikuwa nimekwisha kuitunga sura ya Madam Shiku atakapostaajabu. Akaziba jicho la kulia. Kavinya akasoma nyumba. Akasoma nyota. Mstari wa pili akababaisha palepale alipobabaisha Machi. Wa tatu akasema, "Ni madoa."

Madam Shiku aliwasha taa, akaizima, akajaribu chati nyingine. Palepale.

"Plasta anavaa?"

"Kila siku. Saa mbili kamili."

"Hachungulii pembeni?"

"Hapana."

"Na kazi ya karibu?" Nikamwonyesha mkufu. Aliushika, akazitazama zile shanga ndogo kabisa, akaniangalia. "Mtoto aliyetunga hizi hawezi kukwama mstari wa pili," akasema. "Kuna kitu hakikai sawa, na mimi sijakiona." Akatupa wiki sita nyingine. Tukibaki palepale atatupeleka kwa daktari mkuu tuzungumzie njia nyingine, na hakunificha: kila mwezi unaopita unalipunguzia jicho nafasi.

Njia nzima nilijiuliza kitu kisichokaa sawa ni nini, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshapata jibu. Mwaitu alikuwa jikoni.

"Mwaitu, siku ninazochelewa dukani, huwa unamtoa plasta?"

Akaweka mwiko chini. "Unaniuliza au unanishtaki?"

"Nauliza tu. Wewe hukuitaka tangu mwanzo."

"Kweli sikuitaka. Nilisema hapa mezani, mbele yako. Mimi nikikataa kitu nakataa mdomoni, siibi kwa mkono."

Ndolo aliingia akalikuta neno hilo hewani. Nikamweleza, nikilia, matokeo na yote. Alinisikiliza, akasema kwa sauti ya chini, "Amondi, huyo ni mama yangu." Hakumaliza chai yake. Hii ndiyo mara ya kwanza ameliita jina langu haraka.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Leo sikuhesabu shanga.

Alhamisi, 24 Aprili

Nataka kuandika siku hii yote, nisisahau hata chembe, maana leo nimeaibika na nimepona.

Maji yaliingia ghorofa ya chini pale Eastleigh, Sakariye akafunga mapema. Saa nane nikambandika Kavinya plasta. Akaketi mkekani, bakuli la shanga kati ya magoti, akaanza. Mwaitu alikuwa kwenye kochi anachambua ndengu kwenye ungo. Tangu Jumanne tulikuwa hatujasemezana zaidi ya "chumvi iko wapi".

"Amondi," akaniita. "Njoo uketi hapa."

"Hapa wapi, Mwaitu?"

"Hapa chini, mbele yake. Wewe kila siku unakaa mgongoni kwake kama askari wa jela."

Nikaketi.

"Unaona nini?"

"Anatunga shanga."

"Sijakuuliza anafanya nini. Mwangalie uso."

Kichwa cha Kavinya kilikuwa kimeinama na miwani imeteremka. Niliinama nami mpaka shavu likagusa mkeka, nikamtazama kutoka chini. Nyuma ya kioo cha kushoto kope zilikuwa zimeshikana. Jicho lilikuwa limefungwa, kwa utulivu, kama la mtu anayesali.

Kabla sijasema kitu, Mwaitu alifungua leso yake kiunoni akaitupa juu ya mikono ya mtoto, juu ya bakuli, juu ya kila kitu. Chini ya leso vidole viliendelea. Tiki. Tiki. Tiki. Mwendo haukupungua hata kidogo. Baada ya muda Kavinya akauvuta uzi kutoka chini ya leso. Shanga kumi na nne, kubwa kwa ndogo, zote mahali pake.

"Kavinya, mbona umefunga jicho?" nikamuuliza.

"Ndio nitunge vizuri."

"Nani alikuambia ufunge?"

"Baba. Karakana. Alisema ukitaka kujua kama mbao imelainika, funga macho, vidole ndivyo vinajua." Akagusa plasta yake. "Na hili jicho likiangalia, vitu vinacheza. Vidole havichezi. Anti, nimekosea? Mlisema nitunge, nami nimetunga."

Nilimkumbatia, bakuli likapinduka, shanga zikatawanyika hadi chini ya jiko. Zaidi ya wiki tano! Saa mbili kila siku nilifunga jicho zima, na lile zembe likaendelea kulala usingizi wake. Nami nyuma yake nahesabu.

"Umejuaje, Mwaitu?"

"Miaka arobaini nimewapigia msasa twiga wa mbao aliowachonga baba yake Ndolo. Nilikuwa nawalainisha huku nasinzia. Mtu anayetazama, shingo yake hufuata anachotazama. Huyu shingo yake imetulia kama chungu. Nilianza kumshuku Jumatatu ya Pasaka."

"Mbona hukuniambia Jumanne?"

"Jumanne ulikuwa umeshanihukumu. Ningesema, ungeona najitetea."

Nilipiga magoti palepale, katikati ya shanga. "Nisamehe, Mwaitu. Nimekukosea sana."

"Inuka, utanimwagia ndengu." Lakini aliuweka ungo kando, akanishika kichwa kwa mikono miwili, mikavu, ya kukwaruza. "Sikiliza, mwanangu. Mimi bado naona hiyo plasta ni wazimu. Lakini kama ni wazimu, basi tuufanye sawasawa."

Ijumaa, 25 Aprili

Nilimpigia Madam Shiku simu. Alicheka, kisha akasema, "Miaka kumi na moja ya kazi hii nimewaona wanaochungulia, wanaong'oa plasta, wanaoilamba. Wa vidole ni wa kwanza." Ametuagiza kazi yoyote ambayo mkono hauwezi kuisoma. Kitu bapa. Kilichochapwa au kuchorwa.

Ndolo ndiye aliyeniumiza moyo. Aliuchukua mkufu, akauzungusha vidoleni. "Ni mimi niliyemfumba jicho," akasema.

"Wewe ulimpa zawadi."

"Nilimpa dawa isiyo yake."

Nilimshika mikono hiyo niipendayo, nikamwambia bila mikono hiyo Kavinya asingekuwa na vidole vyenye akili namna ile, na kwamba kitu kizuri hakigeuki kibaya kwa kuwekwa saa isiyo yake. Sijui nilitoa wapi maneno. Akanitazama, akaniita, "Amondi," polepole.

Jumapili, 27 Aprili

Baada ya kanisa Ndolo alileta ubao mmoja, mpana kama sinia, ameulainisha mpaka ukiupitishia kidole unateleza kama sabuni. Juu yake amechora kwa penseli kichaka, na ndani ya kichaka ndege kumi wamejificha. "Hapa vidole havina la kusoma," akasema. Kila jioni ataufuta kwa msasa achore upya, na kila wiki ndege watapungua ukubwa.

Mwaitu kaongeza sheria yake. "Kalia mikono," akamwambia Kavinya. "Ukimwona ndege, niambie kwa mdomo yuko wapi. Juu, chini, kando ya nani." Kavinya alikalia mikono. Saa mbili. Alipata ndege mmoja, yule mkubwa. Kisha akalia, akasema kichwa kinauma, na Mwaitu akambeba mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, akizunguka naye meza.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Ndege mmoja.

Jumatano, 30 Aprili

Ndege wawili, lakini wa pili alikuwa tawi.

Jumamosi, 3 Mei

Ilinyesha tangu alfajiri. Kavinya amekataa. Amejifungia chooni na ubao, na alipotoka alikuwa ameuchora kwa kalamu ya rangi wote, mwekundu. "Nipeni shanga zangu," akapiga kelele. "Kwa shanga mimi ni hodari! Kwa ndege mimi ni mjinga!"

Nilikaa naye sakafuni, nikaifunika mikono yangu kwa leso ya Mwaitu, nikabandika plasta jichoni kwangu, jicho langu la kulia, nikamwomba Ndolo anichoree kichaka kidogo kabisa kwenye kipande cha karatasi. Nikatafuta. Nilipata ndege watano, nikakosa wengine. Kavinya alinisogelea mpaka pumzi yake ikanigusa shingoni.

"Anti, huoni yule?"

"Yuko wapi?"

"Chini ya jani. Pale! Ana mdomo!" Alikuwa anatazama kwa macho yake yote mawili, bila plasta, na sikumkataza. Alikuwa anacheka. Kesho nitambandika.

Jumapili, 4 Mei

Plasta saa mbili, amekalia mikono. Ndege watatu, wa kweli. Mwaitu alipiga kigelegele hadi Mama Javan akagonga ukuta kuuliza ni arusi gani nyingine.

Alhamisi, 8 Mei

Wanne.

Jumanne, 13 Mei

Shuleni kuna watoto wanaomwita Jicho Kioo kwa ajili ya miwani. Amerudi bila kulia. "Nimewaambia kioo kiko kwenye miwani, akili iko hapa," akajipiga paji la uso. Hayo ni maneno ya Susu yake, nayajua kwa harufu.

Jumamosi, 17 Mei

Leo ndege sita, na shingo yake ilitembea! Nilikuwa nimekaa mbele yake. Shingo ilikwenda kushoto, ikapanda, ikasimama. Mwaitu akanikanyaga mguu chini ya meza kunionyesha. Sisi wawili tumekuwa kama wasichana wenye siri.

Nawaza jinsi nilivyomwona Mwaitu mwezi Machi. Nilidhani anamkagua kila mtu ili apate kasoro. Kumbe ndivyo anavyopenda. Anatazama mpaka mwisho.

Ijumaa, 23 Mei

Ndolo amechora ndege wadogo kama mchwa. Sita.

Jumatano, 28 Mei

Mvua imepungua. Mwaitu ameanza kuzungumzia kurudi nyumbani na mimi najifanya sisikii. Ndege wanane.

Jumatatu, 2 Juni

Kesho ni kliniki. Ndolo anasema kuna shehena ya vinyago lazima ifungwe kesho, hawezi kuja. Nikamwambia sawa. Najua si vinyago. Ameufuta ubao mara tatu leo bila kuchora kitu. Nimemwombea, nimemwombea na mtoto, nimeliombea na jicho peke yake kwa jina.

Jumanne, 3 Juni

Chumba kilekile, viatu vilevile vya kelele. Mwaitu alikuja nasi, amevaa kofia yake ya Jumapili, akaketi na mkoba magotini. Madam Shiku akabandika plasta mpya jicho la kulia, akamsimamisha Kavinya kwenye alama sakafuni, na kumwambia aweke mikono nyuma.

Nyumba. Nyota.

Mstari wa pili, wote.

Mstari wa tatu aliusoma haraka kama anayesoma jina lake. Wa nne akapunguza mwendo, akakunja pua, shingo ikasogea, akasema, "Mti. Kikombe. Nyota. Hiyo ni nyumba, lakini ndogo." Wa tano akakosa picha moja, akajirudi mwenyewe, akaipata. Wa sita akasema, "Huo bado unacheza."

Madam Shiku aliandika kitu, akavua miwani yake, akaipangusa. "Ameamka," akasema. "Bado kazi ipo, miezi na miezi, msiache hata siku moja. Lakini ameamka." Kisha akamgeukia Mwaitu. "Mama, nimeambiwa ni wewe uliyetupa leso. Nitawafundisha wanafunzi wangu hiyo leso."

Mwaitu akanyoosha kofia. "Wafundishe pia wakae mbele ya mtoto," akasema.

Nilishindwa kusema asante kwa mpangilio. Nilisema asante kwa Madam Shiku, nikasema asante kwa kiti, nikasema asante kwa mtu aliyekuwa akipiga deki mlangoni.

Tukatoka. Kavinya alikuwa bado na plasta jicho la kulia, maana tulitaka amalize saa yake. Ua wa kliniki ulikuwa umejaa, wanaume wamesimama makundi makundi langoni, zaidi ya ishirini, wenye makoti, wenye kofia, na jua la kwanza baada ya siku nyingi likituchoma usoni. Mimi nilikuwa natafuta mwavuli mkobani. Kavinya akasimama. Akatoa mkono wake mkononi mwangu.

"Baba amekuja," akasema.

"Wapi? Baba yuko kazini."

"Yule pale. Karibu na chuma. Anajificha."

Nikainua macho. Kweli, nyuma ya nguzo ya lango, hatua kama kumi na mbili, Ndolo wangu, aliyekuwa hajasema neno wala kupunga mkono, aliyekuja akashindwa kuingia. Nilitaka kumkimbilia, lakini Kavinya alikuwa bado anamtazama kwa jicho lile moja, ameinua kidevu, hana haraka, kama mtu ambaye hajamaliza kusoma.

"Anti," akasema, "shati la baba halina kifungo. Cha pili."

Nilimtazama mume wangu, mimi ninayemtazama asubuhi hadi jioni, niliyempigia shati hilo pasi kwa mikono yangu. Ikabidi nitembee mpaka nimfikie, niweke kidole kifuani mwake, ndipo nione kwamba ni kweli.